Dondoo muhimu: Mionzi katika chuma chakavu

Mionzi ya nyuklia haionekani wala hainuki. Hutambuliwa kwa kipimo maalumu tu. Chanzo chake hufifia kwa mwendo wake wenyewe: nguvu ya kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na ushei, ya sesiamu-137 kila miaka 30 hivi. Kuchoma au kuponda hakuharakishi lolote, kunasambaza sumu tu.

Mjini Goiânia, Brazili, mwaka 1987, waokota vyuma walibeba kichwa cha mashine ya kutibu saratani kutoka kliniki iliyohamwa. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa buluu gizani. Ndugu na majirani waliugawana. Watu wanne walifariki, mmoja mtoto wa miaka sita aliyekula huku mikono yake ina unga huo.

Kwa hiyo kifaa kidogo kilicho kizito kupita kiasi kishukiwe, kwani huenda kimekingwa kwa madini ya risasi, hata kama alama ya tahadhari ya mionzi, mapanga matatu meusi kwenye njano, imefutika. Kisikatwe, kisifunguliwe, kisitiwe tanurini. Watu wasogee mbali: umbali ukiongezeka maradufu, mionzi hubaki robo. Aliyekigusa avue nguo, zifungwe ndani ya mfuko, aoge kwa sabuni kabla ya kula chochote, kisha afike hospitali na aeleze alichogusa.

Nchini Tanzania taarifa hupelekwa Tume ya Nguvu za Atomiki au polisi.