Somo la Mazingira: Kilele cha Batian na Udongo wa Majani Chai

Kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, na jirani yake Nelion, mita 5,188, ni nguzo za mwamba mtupu juu ya Mlima Kenya. Zilitokeaje, na zinamhusu vipi mkulima wa Kericho na Bomet?

Nguzo zilivyotokea

Mlima Kenya ni volkano iliyozimika. Ulipoacha kulipuka, zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, lava iliyobaki kooni mwake ilipoa ikawa mwamba mgumu sana. Baadaye barafu na maji yalikwangua majivu na mawe yaliyouzunguka. Kilicho laini kilichukuliwa. Kilicho kigumu kikabaki kimesimama. Ndiyo Batian na Nelion tunazoziona leo.

Udongo wetu nao

Tinderet na Londiani pia ni volkano zilizozimika. Chini ya sehemu kubwa ya Kericho kuna fonolaiti, jiwe la lava ambalo vipande vyake vikigongwa hulia kama kengele. Joto na mvua vimeuvunja mwamba wa volkano kwa muda mrefu mno, hata tukapata udongo mwekundu wenye kina na asidi, unaopendwa na majani chai.

Lakini mvua iliyotusaidia kuupata udongo huo ndiyo inayoweza kuuchukua. Tabaka lililohitaji karne nyingi kujengeka linaweza kuondoka kwa misimu michache kwenye mteremko ulioachwa wazi.

La kufanya

1. Chai changa haijafunika ardhi, kwa hiyo ndiyo iliyo hatarini zaidi. Tandaza nyasi kavu kati ya mistari.
2. Panda mistari ikikata mteremko, isishuke nao.
3. Ukipogoa, acha matawi shambani. Usiyabebe yote kuwa kuni.
4. Usilime hadi ukingoni mwa mto. Acha nyasi na miti ya kiasili.

Jipime

Baada ya mvua kubwa, tazama maji yanayotoka shambani mwako. Yakiwa mekundu, udongo wako uko safarini. Muone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya mvua nyingine.