Jina Moja kwa Raia Wote
Je, taifa ni rangi ya ngozi? Tupate fundisho kutoka Haiti, iliyokuwa koloni la Ufaransa. Watumwa wake waliasi mwaka 1791, na nchi ikatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Katiba ya Jean-Jacques Dessalines ya mwaka 1805 iliagiza kwamba raia wote waitwe “weusi”, hata Wapolandi na Wajerumani waliopewa uraia. Hivyo neno la kutweza watu likawa jina la heshima. Lakini mwaka uliotangulia Wafaransa wengi, hata wanawake na watoto, walikuwa wameuawa kwa amri yake. Naye aliuawa mwaka 1806, nchi ikagawanyika. Twaona basi kwamba sheria yaweza kuwapa watu jina moja, bali udugu hauji pasipo haki na huruma.