Bei ya Damu

Somo: Mwanzo 4:8-10, Luka 19:1-10, Waebrania 12:24

Jumapili tuliuliza swali moja: mtu akimwaga damu, hilo deni hulipwa na nini?

Tuanzie mbali kidogo. Zamani Uingereza ilikaliwa na Waanglo-Saksoni, makabila yenye wafalme mbalimbali. Ukiua mtu, ukoo wake ulikutafuta wewe na ndugu zako. Ili kisasi kikome, ikawekwa bei ya mtu. Mwaka 597 mmisionari Augustine alifika Kent, na mfalme Ethelbert akaja kubatizwa. Sheria zake ziliandikwa: jicho likitolewa, shilingi 50, kidole gumba, shilingi 20. (Ndiyo, neno letu shilingi lilitoka huko!) Kule Wessex mtu wa kawaida alilipiwa shilingi 200, mkubwa 1,200. Mtumwa akiuawa, aliyelipwa ni bwana wake.

Usiwacheke. Jomo Kenyatta aliandika mwaka 1938 kwamba kwa Wakikuyu mwanamume alilipiwa mbuzi au kondoo 100, mwanamke 30. Wamaasai nao wanajulikana kwa ng'ombe 49.

Tunajifunza nini?

1. Malipo yalizuia kisasi. Afadhali ng'ombe watoke bomani kuliko vijana wazikwe. Sisi wa Nakuru tunajua kisasi kinafanya nini. Baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na Januari 2008 moto ulifika hapa kwetu na Naivasha.

2. Bei ya wanadamu ina ubaguzi. Mkubwa mara sita ya mnyonge, mwanamume zaidi ya mara tatu ya mwanamke. Damu ya Yesu haina bei mbili (1 Petro 1:18-19). Mkikuyu na Mkalenjin wamenunuliwa kwa bei moja. Sasa ukisema "wale watu" kwa dharau, unamshushia bei nani?

3. Msamaha haufuti kurudisha. Mfalme Alfred wa Wessex (871–899) alifungua kitabu chake cha sheria kwa Amri Kumi, lakini malipo hakuyaondoa. Zakayo naye hakuishia kulia. Alirudisha mara nne. Kuna mtu ameokoka, anasema ya kale yamepita, na mabati ya jirani yaliyobebwa 2008 bado yako juu ya jikoni lake! Mpendwa, hayo mabati yanaongea. Wokovu hatununui, Yesu alimaliza. Lakini cha jirani ni cha jirani.

Na wewe uliyepoteza mtu: hakuna ng'ombe wa kumrudisha. Mungu anajua. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini. Damu ya Yesu inanena mema kuliko hiyo. Mpelekee yeye hilo deni, usiwarithishe watoto.

Kwa ushirika wa nyumbani:
- Nina nini ambacho si changu?
- Ni nani wa kabila lingine nitakayemtembelea wiki hii?