Kuku wakinyonyoana manyoya, usikimbilie kisu

Mwaka jana alikuja kliniki mama mmoja wa Githurai akiwa na wajukuu wake wawili. Wote watatu walikuwa wakijikuna. Vipele vidogo vyekundu vilikuwa vimetapakaa mikononi, shingoni na kiunoni, na mwasho ulizidi usiku. Nilijiambia kwamba huo ni upele, nikawaandikia dawa ya kupaka mwili mzima na kuwaagiza wafue matandiko kwa maji moto. Baada ya wiki tatu walirudi wakijikuna vilevile. Nikawaongezea dawa. Walipokuja mara ya tatu, mama alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango aondoke alipogeuka na kuniuliza: “Daktari, na hawa kuku wangu wanaonyonyoana manyoya, nao wana ugonjwa gani?”

Nilipaswa kumuuliza habari za kuku siku ya kwanza. Banda lake limeegemezwa ukutani, chini kabisa ya dirisha la chumba wanacholala.

Msomaji, ikiwa unafuga kuku uani, huenda unawajua utitiri. Ni wadudu wadogo kama chembe za pilipili. Mchana hujificha katika nyufa za mbao, chini ya viota na kwenye fito ambazo kuku hulalia, na usiku hutoka kunyonya damu. Wakizidi, hupenya hadi chumbani na kumuuma mtu, kisha hurudi nyufani. Kwa kuwa hawaishi katika ngozi ya binadamu, dawa ya upele niliyompa mama yule haingeweza kuwamaliza hata angejipaka chupa kumi. Kuku naye anayenyonywa damu usiku kucha hupauka kishungi, hukosa usingizi, hujidonoa na kuwa mkali kwa wenzake.

Kuwatambua si kazi ngumu. Ingia bandani saa mbili au tatu za usiku ukiwa na tochi, upanguse chini ya fito kwa karatasi nyeupe. Ukiona vijidoa vyekundu au vya kahawia vinavyotembea, umewapata. Ondoa takataka zote zilizo sakafuni, mwaga maji yanayochemka katika kila ufa huku kuku wakiwa nje, kisha muulize daktari wa mifugo ni dawa gani inayofaa kwa kuku wanaotaga. Usinyunyize dawa ya mboga wala ya mende. Rudia usafi huo baada ya wiki moja, kwa sababu mayai ya utitiri huanguliwa na kukomaa katika muda kama huo, na ukifanya mara moja tu utakuwa umewapa likizo.

Hata hivyo, utitiri ni sehemu tu ya maelezo. Nilipomtembelea mama yule Jumamosi iliyofuata nilikuta kuku 22 katika banda la mita mbili kwa mita moja na nusu. Walikuwa hawatolewi nje tangu majirani walipolalamika. Chakula chao kilikuwa mahindi na mabaki ya ugali. Sita kati yao walikuwa uchi kuanzia mgongoni hadi mkiani, na mmoja alikuwa na kidonda kinachovuja damu. Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba sakafuni hapakuwa na manyoya. Walikuwa wakiyala.

Kabla hujawalaumu kuku wako, hakikisha kwanza kwamba kweli wananyonyoana. Kuku hubadilisha manyoya yake kila mwaka kwa kawaida. Huanzia kichwani na shingoni kuelekea chini, na utaona vijiti vya manyoya mapya vikichomoza. Jogoo naye hukwangua mgongo wa mitetea anapowapanda. Pia kuna kudonoana kwa kugombea ukubwa, jambo ambalo msomi wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alilieleza miaka ya 1920. Huko kwa kawaida ni kugonga kichwa na kishungi, tena kwa haraka, na mnyonge hukimbia. Kunyonyoana manyoya ni jambo jingine kabisa. Kuku humjongelea mwenzake polepole kutoka nyuma, humvuta unyoya wa mgongoni au karibu na mkia, na mara nyingi anayenyofolewa husimama tu. Hakuna ugomvi wowote. Ndiyo maana wenye kuku huchelewa kugundua.

Kwa nini afanye hivyo? Mdomo wa kuku umeumbwa kwa kazi ya kutafuta. Kuku wa mwituni kule Asia, ambao ndio asili ya kuku wetu, hutumia zaidi ya nusu ya saa zao za mchana wakiparura na kudonoa ardhi. Kuku wa kwenye sakafu ya simenti, ambaye amemaliza chakula chake kwa nusu saa, hana pa kuupeleka mdomo huo. Basi huupeleka kwenye manyoya ya jirani. Wenzake humtazama na kuiga, na damu ikishatoka hufika mahali pa kuulana.

Pili kuna njaa iliyojificha. Unyoya karibu wote ni protini. Mahindi yana protini kama asilimia nane au tisa tu, tena yenye upungufu wa viambato ambavyo manyoya yanahitaji, ilhali kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18. Anayelishwa ugali atashiba na bado mwili wake utakuwa unadai. Mnunulie chakula cha kuku wa mayai, na mabaki ya jikoni yawe ni kitoweo tu. Omena kidogo husaidia, lakini ukizidisha mayai yatanuka samaki. Ukipata chakula cha unga badala ya cha tembe, afadhali, maana kuku hukawia kukila na mdomo hupata kazi. Ukibadilisha aina ya chakula, badilisha polepole kwa siku kadhaa. Ukosefu wa chumvi pia huchochea tabia hii, ila chakula kilichochanganywa vizuri tayari kina chumvi ya kutosha. Usiongeze majini kwa kukisia, kwani chumvi nyingi huua kuku.

Nafasi nayo ni muhimu. Mimi humshauri mtu asizidishe kuku wanne au watano kwa kila mita moja ya mraba, awe na kiota kimoja kwa kila kuku wanne au watano, na kiwe mahali penye giza kidogo. Kuku anapotaga, hasa mtetea mchanga, sehemu ya ndani hutokeza nje kwa muda mfupi ikiwa nyekundu na yenye unyevu. Akiwa mwangani, wenzake huidonoa, na hapo ndipo kuku hufa. Jua kali likipenya moja kwa moja bandani, tundika gunia dirishani.

Sasa wape kazi. Tandaza maranda ya mbao kutoka kwa seremala au nyasi kavu, kina cha vidole vinne hivi, kisha tupa humo konzi ya mtama jioni waitafute. Ning'iniza kabichi au mabua ya sukuma wiki kwa kamba, usawa wa vichwa vyao. Weka karai la udongo mkavu uliochanganywa na majivu ya kuni wajifukize humo. Hayo hayana gharama kubwa, na kwa maoni yangu yanashinda dawa yoyote utakayouziwa dukani.

Aliyejeruhiwa mtenge siku hiyohiyo, kwani wenzake hawatamwacha. Msafishe kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, umpake iodini. Mafuta machafu ya gari, ambayo naona watu wengi wakiyapenda, yana sumu na hayana nafasi kwenye kidonda cha kiumbe yeyote. Pia nakusihi usimfungulie kuku vidonge vya tetrasaiklini vya binadamu. Dawa hiyo hupenya katika mayai unayomlisha mtoto, na viini vya maradhi hujifunza kuihimili. Siku mwanao atakapougua kweli, nitamwandikia dawa ambayo viini vimekwisha kuizoea. Ukimshika kuku mwenye kidonda, nawa kwa sabuni, na watoto wanawe pia, maana kuku mzima wa afya aweza kubeba salmonela bila dalili yoyote.

Wapo watakaokushauri ukate midomo. Mdomo wa kuku una mishipa ya fahamu. Kuukata humuumiza, tena anabaki na kiu ileile ya kudonoa. Wengine humchinja kuku wa kwanza kukamatwa. Mama yule alikuwa amekwisha kuchinja wawili, na wa tatu akaendeleza palepale walipoachia.

Tulilihamisha banda hadi upande wa pili wa ua, mbali na dirisha. Mama aliuza kuku tisa, akawawekea waliosalia maranda na chakula cha mayai. Ngozi za wajukuu zilitulia baada ya wiki mbili bila dawa nyingine. Baada ya miezi miwili alinipigia simu akilalamika kwamba kuku wanne bado wana vipara mkiani. Nikamwomba awatazame kwa karibu. Ikawa manyoya yao hayakung'olewa, yalivunjika, na kijiti kikibaki ngozini unyoya mpya hauoti hadi kuku abadilishe manyoya. Aliniambia kwamba hilo angeliweza kulingoja, ila alitaka kujua kama mayai yao yanalika. Nikamwambia yanalika, mradi ayapike hadi kiini kigande.