Mwenye Kifafa Akibadilika Tabia

Mtoto aliyekuwa mpole siku hizi anavunja vyombo. Mume hataki kusemeshwa. Majirani wanasema ni mapepo, ndugu wanasema ni jeuri tu. Kabla hujakubaliana na yeyote, jiulize: mabadiliko yameanza lini, ukihesabu tangu alipoanguka mara ya mwisho na tangu dawa yake ilipobadilishwa?

Wapo wanaokuwa wakali au wenye huzuni saa kadhaa kabla ya kuanguka. Wengine hawaanguki kabisa: hukodoa macho, hutafunatafuna, huchezea vifungo vya shati, hutembea bila kuitika wakiitwa. Hicho ndicho kifafa chenyewe. Usimkamate kwa nguvu, kwani akibanwa anaweza kupigana, na baadaye asikumbuke kitu. Mwepushe na moto na visu, ukae naye mpaka arudiwe na fahamu.

Kinachowapotosha wengi ni kipindi cha baadaye. Kuchanganyikiwa kidogo mara baada ya kuanguka ni kawaida. Lakini aliyeanguka mara nyingi mfululizo anaweza kuzinduka vizuri, akala, akazungumza na watu, kisha baada ya siku moja au zaidi akaanza kusikia sauti au kudai kwamba anawindwa. Hapo ndipo mganga huitwa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, maana anaweza kujidhuru au kumdhuru mtu.

Dawa nazo zina mkono. Fenobabitoni, ambayo ni ya bei nafuu na hutumika sana kwetu, huwafanya baadhi ya watoto wasitulie. Levetirasetamu huwaletea baadhi ya watu hasira za ghafla. Hata hivyo, usiikatishe dawa kwa uamuzi wako. Kifafa kinaweza kurudi kwa mfululizo, mgonjwa asizinduke, na hali hiyo huua. Rudi kliniki na daftari lenye tarehe, au video uliyopiga kwa simu, ili daktari aamue kama apunguze kipimo au abadilishe dawa.

Sonona huwapata zaidi wenye kifafa kuliko watu wengine, na kliniki nyingine haziulizi. Ulizeni nyinyi. Tena aliyeachishwa shule na kufichwa chumbani ana sababu nyingine ya kununa, isiyotibika kwa kidonge. Akisema amechoka kuishi, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali, na vidonge vyake vitunzwe na mtu mwingine, ampe dozi moja moja.