Baba Amerudi, Vita Havijaisha: Watoto wa Wanajeshi na Wajibu Wetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Wanajeshi wa Uganda waliingia Mogadishu Machi 2007, wakiwa wa kwanza katika kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia. Wenzao wa Burundi waliwafuata Desemba mwaka huohuo. Kabla ya hapo, kaskazini mwa nchi yetu kulikuwa na vita vya LRA vilivyoanza mwaka 1987 na kuendelea karibu miaka 20. Tarehe 26 Mei 2023 kambi ya wanajeshi wetu huko Bulo Marer ilishambuliwa, na Rais akatangaza kuwa askari 54 wameuawa. Waliokufa tuliwaombolezea. Walionusurika walirudi nyumbani kwa wake zao na watoto wao, na habari zao zikaishia hapo.

Darsa hii inawahusu watoto wa hao waliorudi. Wapo miongoni mwetu, misikitini, madrasa na hata katika mabweni ya vyuo. Swali tunalotaka kulijibu ni moja: mtoto anayemwambia mwalimu au imamu kwamba baba yake anapiga kelele usiku, au hasemi na mtu siku nzima, je, amemvunjia baba heshima? Wengi wamelelewa kuamini kuwa ndiyo. Tutaona, inshaallah, kwamba sivyo, na kwamba ukimya huo humdhuru mtoto na baba pia.

1. Ugonjwa wenyewe

Mtu aliyepitia tukio la kutisha, kama vile kuona mwenzake akilipuliwa, kuua au kuponea chupuchupu, anaweza kubaki na kiwewe kisichoondoka. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu katika mwongozo wao rasmi mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Dalili zake hupangwa katika mafungu manne:

a) Tukio humrudia, kwa ndoto mbaya au kwa kumbukumbu inayomjia ghafla kana kwamba jambo linatokea sasa hivi.
b) Hukwepa kila kinachomkumbusha: watu, mahali, mazungumzo, hata taarifa ya habari.
c) Moyo hufa ganzi. Hafurahi, hujilaumu, hujiona yuko mbali na watu wake.
d) Mwili hukaa macho daima. Hashikwi na usingizi, hushtuka mlango ukibamizwa, hukasirika upesi.

Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha ya mtu, huo ni ugonjwa unaohitaji tiba. Si kila mwanajeshi huupata, na wako wanaoupata wakapona. Basi tusimtazame kila afande aliyerudi kama mgonjwa, wala tusimwone mgonjwa kuwa mtu mbaya.

2. Hofu si upungufu wa imani

Mara nyingi tunasikia: "Angekuwa na imani, asingeogopa." Kauli hii haina msingi. Katika Surat al-Ahzab (33:10-11) Mwenyezi Mungu anaeleza hali ya Waumini Madina ilipozingirwa mwaka wa 5 Hijria: macho yalitoka nje ya mwelekeo, mioyo ikapanda kooni, na Waumini wakatikiswa mtikiso mkubwa. Hao ni Maswahaba, na Mtume (s.a.w.) yuko pamoja nao. Nabii Musa (a.s.), baada ya kumpiga mtu akafa, alikuwa mjini akiangalia huku na huko kwa hofu (28:18).

Mfano mwingine ni wa Wahshi, aliyemuua Hamza (r.a.) katika vita vya Uhud. Baadaye alisilimu, na Mtume (s.a.w.) akaukubali Uislamu wake. Hata hivyo, kama ilivyopokewa na Bukhari, alimwomba kama angeweza kutouonyesha uso wake mbele yake. Hakumlipizia kisasi wala hakumnyima dini yake, ila kumwona kulimrudishia uchungu wa ammi yake. Ikiwa mbora wa viumbe aliugusia uchungu wake waziwazi, vipi tumkataze koplo wa kawaida kusema kwamba kuna vitu hawezi kuvitazama?

Wanazuoni wetu pia walilijua jambo hili mapema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu juu ya siha ya miili na ya nafsi, akaitengea nafsi sehemu yake peke yake: hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Aliona kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, na yote miwili hutibiwa.

3. Kinavyomfikia mtoto

Mtoto hakuwepo Mogadishu wala Gulu. Kiwewe cha baba humfikia kwa njia za kila siku, na tuzitazame moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni ganzi ya moyo. Mtoto analeta ripoti ya shule, amekuwa wa tatu darasani. Baba anaitazama, anairudisha mezani, anatoka nje. Tafiti zilizofanywa kwa askari wa Marekani waliopigana Vietnam zilionyesha kuwa, katika dalili zote, ganzi hii ndiyo iliyohusiana zaidi na uhusiano mbaya kati ya baba na watoto wake. Watu hudhani hasira ndiyo inayoharibu zaidi kwa sababu husikika hadi kwa jirani. Lakini hasira ya baba huisha. Ganzi hukaa mezani kila siku.

Hapa tunamkumbuka al-Aqra' bin Habis, aliyemwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hasan, akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume alimjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Tusiitumie Hadithi hii kumpiga nayo mgonjwa. Al-Aqra' alikuwa anaeleza desturi aliyoiona sawa, na mgonjwa wa kiwewe mara nyingi anatamani kumkumbatia mwanawe ila hapati hisia ya kufanya hivyo. Lakini upande wa mtoto Hadithi ni ileile: mtoto ana haki ya rehema, na akiikosa kwa baba lazima aipate kwa mtu mwingine wakati baba anatibiwa.

Ya pili ni hofu ya kujifunza. Mtoto huiga mwili wa mzazi wake. Baba akishtuka pikipiki ikipiga mlio, mtoto hujifunza kwamba barabara ni mahali pa hatari. Nyumba nzima huanza kutembea kwa kunyata, redio hupunguzwa, wadogo huambiwa wasicheke.

Ya tatu ni ukali. Watafiti waliozichunguza familia za vijiji vilivyoathiriwa na vita kaskazini mwa Uganda, na kutoa matokeo yao mwaka 2014, waliona kuwa ukali wa wazazi kwa watoto uliambatana kwanza na mateso ambayo wazazi wenyewe waliyapata utotoni. Kwa wanaume uliambatana pia na dalili za kiwewe na matatizo ya pombe. Pombe mara nyingi ni dawa ambayo mgonjwa amejiandikia mwenyewe ili apate usingizi. Ni haramu, na hatuihalalishi, lakini anayetaka kumtoa mtu kwenye pombe aulize kwanza kwa nini halali.

Ya nne, ambayo ni nzito kuliko zote, ni maelezo anayojitungia mtoto. Asipoambiwa kitu, hatakaa bila jibu. Atasema: "Baba hasemi nami kwa kuwa mimi ni mbaya." Mdogo atakojoa kitandani na kumng'ang'ania mama. Wa umri wa shule ataumwa tumbo au kichwa kila asubuhi na alama zake zitashuka. Kijana atakuwa mkali, au hatataka kurudi nyumbani likizo. Na yuko wa kifungua mimba, hasa binti, anayegeuka kuwa mama wa pili: anawalaza wadogo, anamtuliza baba, anamfuta mama machozi. Watu humsifu kwa adabu yake, na hakuna anayemuuliza yeye analala vipi.

Qur'ani imekariri mahali pengi kwamba hakuna mbebaji anayebeba mzigo wa mwingine (kwa mfano 17:15). Mtoto huyu anabeba hatia ambayo si yake, na hakuna anayeweza kumtua kama hakuna anayezungumza.

4. Sitara, usengenyaji na utiifu

Sasa tulijibu swali letu. Kumtii mzazi na kumsitiri ni wajibu mkubwa, na kusengenya ni haramu. Lakini Imamu Nawawi (r.h.), katika Riyadh as-Salihin, ametaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa asilolipenda huruhusiwa. Miongoni mwake ni mwenye kudhulumiwa kumshitakia mwenye uwezo, kuomba msaada wa kuondoa baya, na kutafuta fatwa.

Dalili ya hii ya mwisho ni Hind bint Utba (r.a.). Alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema kuwa mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi kinachomtosha yeye na mwanawe. Mtume hakumwambia, "Umemsengenya mumeo." Alimruhusu achukue kinachowatosha yeye na mtoto wake kwa wema. Aliyetajwa ni mkuu wa ukoo, na aliyetajiwa ni Mtume mwenyewe. Shida ilikuwa haki ya mtoto ndani ya nyumba, na ilisemwa.

Ikiwa chakula cha mtoto kinaruhusu kusema, usalama wa moyo wake unaruhusu pia. Mipaka ni hii: aseme kwa mtu anayeweza kusaidia, aseme kiasi kinachohitajika, na nia iwe kutibu. Kumtangaza baba vijiweni au kwenye kundi la simu ni jambo jingine, na hilo ndilo lililokatazwa.

5. Kisomo na hospitali

Katika jamii zetu, mtu anayepiga kelele usiku hudhaniwa ameingiwa na jini. Waacholi nao huzungumzia cen, yaani roho za waliouawa zinazomfuata muuaji. Kisomo cha Qur'ani kwa mgonjwa ni sunna, na tunaamini ndani yake mna poza. Lakini Mtume (s.a.w.) pia alituamrisha kutafuta tiba, akatufahamisha kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa. Shehe anayemsomea mgonjwa kisha akamshauri aende kliniki ya akili amezitumia sababu zote mbili. Anayemzuia hospitali amemnyima mojawapo.

Tiba ipo. Hospitali ya Butabika mjini Kampala hupokea wagonjwa wa akili kutoka nchi nzima. Na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, watafiti waliwafundisha wakimbizi wenyewe, wasio madaktari, kuwatibu wenzao wa Rwanda na Somalia. Mgonjwa alisimulia maisha yake kwa mpangilio tangu kuzaliwa, mazuri na machungu, hadi tukio la kutisha likapata mahali pake katika wakati uliopita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa wengi walipata nafuu. Jambo lililonyamaziwa lilipata nafuu liliposemwa kwa utaratibu.

6. Tufanye nini?

Kwa mama na jamaa: mwambieni mtoto ukweli kwa kadiri ya umri wake. Maneno machache yanatosha: "Baba anaumwa. Aliona mambo mabaya kazini. Si kosa lako. Tunamtafutia tiba." Lindeni ratiba ya nyumba, yaani chakula, swala, masomo na usingizi kwa saa zake. Mtoto mwenye mtu mzima mmoja aliyetulia, awe bibi au mjomba, huhimili mengi.

Kwa maimamu na walimu wa madrasa: mtoto aliyebadilika ghafla aulizwe kwa upole kabla ya kuadhibiwa. Akipigwa nyumbani, usalama wake ndio wa kwanza. Simu ya bure ya Sauti, 116, ipo kwa ajili hiyo.

Kwetu wanafunzi: Ja'far bin Abi Talib (r.a.) alipouawa Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alikwenda nyumbani kwake, akaomba aletewe watoto wake, akawakumbatia akilia, kisha akaagiza familia yake ipikiwe chakula. Alikwenda mwenyewe, akawagusa, akawalisha. Ziara kama hiyo haihitaji shahada. Na mwenzako wa chumba asiyetaka kwenda nyumbani Idi, usimdhihaki. Mkaribishe kwenu.

Maswali ya halaka

1. Taja hali tatu ambazo Nawawi ameruhusu kumtaja mtu, na mfano wa kila moja nyumbani.
2. Kuna tofauti gani kati ya sitara na kuficha ugonjwa?
3. Msikiti wenu unaweza kumtembelea nani wiki hii?

Ewe Mola wetu, waponye baba zetu waliorudi na majeraha yasiyoonekana, uwape mama zetu subira, na watulize watoto wao. Amin. Wallahu a'lam.