Tupunguze Mafuta Katika Nyama ya Kusaga

Huku kwetu Moshi sherehe bila nyama ni kama haikufanyika. Lakini wazee wetu wenye shinikizo la damu na kisukari hukaa pembeni wakiogopa mafuta. Kamati za chakula zinaweza kuwasaidia. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya wanga ina 4 tu.

Weka nyama ya kusaga kwenye sufuria bila kuongeza mafuta. Koroga kwa moto wa wastani mpaka wekundu wote uishe. Inamisha sufuria, sogeza nyama upande wa juu, uchote mafuta yanayokusanyika chini. Bakiza kijiko kimoja cha kukaangia vitunguu. Usiyamwage kwenye sinki, yakipoa huziba bomba. Chumvi nayo iwe kidogo.

Supu ipoze kwanza. Kule juu Kibosho au Marangu, kwa baridi ya Julai, mafuta ya ng'ombe huganda yenyewe ukayaondoa kama kifuniko (sisi wa mjini tunasubiri zaidi). Kisha ichemshe tena vizuri.

Ila mtori wa mama aliyejifungua tusiuondolee mafuta yote. Yeye anahitaji nguvu, na watoto wadogo vilevile.